Kaseti zilizolala kwenye tope zinaimba, zilizokuwa darini zimekufa. Nani anieleze?

#1 BintiSuna
Wakuu, habari za mchana.

Nyumbani kwetu ni Magomeni Suna, upande unaoshuka kwenye bonde la Msimbazi. Sisi si wale waliolipwa fidia ya mradi wa bonde, tuko juu yao kidogo, ila maji hayasomi ramani. Baada ya yale mafuriko makubwa ya Desemba 2012, marehemu baba alizipandisha kaseti zake darini. Zote ni 214, nimezihesabu mwenyewe. Taarabu za kununua, miziki aliyoirekodi redioni enzi za RTD, na kama arobaini hivi ni za nyumbani: harusi, maulidi, na zile barua za sauti walizokuwa wakitumiana na shangazi zetu wa Muscat. Kaseti 52 alizibakiza kabati la chini, ndizo alizokuwa akizisikiliza kila siku.

Masika iliyopita maji yaliingia usiku, yakafika usawa wa godoro. Kabati la chini lililala kwenye tope siku mbili. Mama akazitoa zile 52 moja moja, akazisuuza kwenye beseni kwa maji ya bomba, akabadilisha maji mara tatu, akazipanga barazani kivulini juu ya kanga. Mimi nilimwona anajisumbua tu.

Sasa kituko. Juzi nimeazima redio kaseti nikaanza kujaribu. Za kwenye tope, kati ya 52 zinaimba 41. Za darini, ambazo hazijaguswa hata na tone, nimejaribu 30 na zinazoimba vizuri ni 9. Nyingine 21 sauti iko mbali kama mtu anaimba ndani ya mtungi, au zinakokota, au upande mmoja kimya.

Nauliza mawili. Kwa nini imekuwa hivi? Na zilizobaki nizihifadhi wapi, maana masika haipigi hodi na nyumba haina ghorofa?

#2 KibokoYaMende
Maji ya Msimbazi yana dawa. Nimemaliza.

#3 FundiRedio77
Mama yako apewe soda baridi. Alichofanya ndicho wanachofanya mafundi wenye akili: tope lisikaukie kwenye utepe, lisuuzwe mapema, kaseti isichezwe ikiwa mbichi, isianikwe juani. Utepe wenyewe ni plastiki, haunywi maji. Na ule unga wa kahawia juu yake ni kutu tayari, oksidi ya chuma, sasa maji yataipa kutu gani tena? Maji ya siku mbili hayaui kaseti. Kinachoiua ni mchanga na fundi mwenye haraka.

Za darini zimeuawa na joto. Mwezi wa pili saa nane mchana, weka mkono chini ya bati uone kama utautoa ukiwa mzima. Ndani ya kaseti kuna kipande kidogo cha sufi kilichogundishwa kwenye ulimi wa shaba, kazi yake ni kuusukuma utepe ubane kwenye hedi, kile kichuma cha redio kinachosoma sauti. Gundi ikiyeyuka, kile kisufi kinaanguka. Utepe haubani. Sauti inakuwa ya mtungini, kama ulivyosema. Muziki wako haujafutika, umekosa mto tu.

#4 MzeeWaSanturi
Binti, pole kwa mzee.

Rekebisho dogo: yale mafuriko yalikuwa Desemba 2011, si 2012. Tulikuwa tumetoka tu kusherehekea miaka 50 ya Uhuru. Mamlaka ya hali ya hewa walisema haijanyesha vile Dar tangu 1954, na watu wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Nakumbuka kwa sababu santuri zangu mbili zilionekana siku ya tatu zikielea Jangwani, moja ikiwa ndani ya jalada lake kabisa.

Fundi yuko sahihi kuhusu joto ila amesahau jambo. Utepe umejizungushia wenyewe, tabaka juu ya tabaka. Ukiukalisha kwenye joto miaka kumi na zaidi bila kuuzungusha, sauti ya tabaka moja inajichapa kwenye jirani yake. Unasikia mwimbaji kabla hajaanza kuimba, kama kivuli chake kimetangulia mlangoni. Sikiliza pale kwenye ukimya kabla ya wimbo, utaniambia.

#5 NdondoChuo
Kwa kitaalamu zaidi, chunguzeni unyevu. Dar hewa ina maji mwaka mzima. Ule unga umeshikizwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi hiyo inanyonya unyevu wa hewani polepole mpaka inalainika. Maji ya siku mbili hayana muda wa kufanya hivyo. Unyevu wa miaka kumi na mbili, ukichanganya na joto, unao. Kwa hiyo darini ndipo pabaya kuliko kwenye tope.

#6 FundiRedio77
#5 mkuu, hiyo ipo, lakini ni ya zile tepu kubwa za studio, za miaka ya sabini na themanini hasa. Kwenye kaseti za mtaani nimeiona mara chache mno kwa miaka yote niliyokaa na bisibisi. Na ikitokea haijifichi: redio inapiga kelele kama panya amebanwa, na hedi inapakaa uji wa kahawia.

BintiSuna, hedi yako ikoje?

#7 BintiSuna
Ahsanteni. Kelele za panya hamna. Ila hedi nimeichungulia sasa hivi kwa tochi ya simu, ni ya kahawia kabisa. Inatakiwa iwe rangi gani?

#8 Kamba_Kavu
Inatakiwa ing'ae kama kioo dada. Ngoja nikuulize. Ulianza kujaribu zipi?

#9 BintiSuna
Za kwenye tope. Zote 52, halafu ndiyo nikapanda za darini.

#10 Kamba_Kavu
😂😂😂 Kesi imefungwa. Umepitisha kaseti 52 zenye vumbi la Msimbazi kwenye hedi moja bila kuifuta, halafu unazilaumu za darini kwamba hazisikiki. Nunua spiriti, chukua pamba za masikioni, futa hedi na ile rola ya mpira, kisha rudia zote 21.

#11 KibokoYaMende
Wakili Kamba_Kavu ameingia mahakamani na tochi. Fundi na Mzee walikuwa tayari wanaandika tasnifu.

#12 FundiRedio77
Nimekubali kwamba nilipaswa kuuliza hedi kwanza. Lakini #10, kaseti zinazokokota huwezi kuzieleza kwa hedi chafu. Tusubiri.

#13 MwanaMuscat
Salaam aleikum wote. Hapo kwenye barua za sauti za Muscat nimeshtuka, maana hata sisi tulikuwa nazo. Bibi yangu alikuwa anakaa na redio ya vyumba viwili mezani, ile inayocheza kaseti moja huku ikirekodi nyingine, anaanza "Bismillahi, huyu ni mimi nawasalimu nyote hapo Unguja", anataja majina nusu saa nzima, mpaka kuku wa jirani anasikika.

Kimbunga Gonu kilipotupiga Juni 2007, wadi, yaani yale mabonde makavu ya mito, zilishuka na kila kitu, sisi tulikuwa upande wa Qurum. Kabati letu lilikwenda lote, hatukubaki hata na jalada. Lakini kaseti karibu zote tumezipata tena, maana marehemu bibi alikuwa hatumi kaseti bila kuitolea nakala, na nakala ya kila kitu ilikuwa Unguja kwa dada yake. Yeye alifanya hivyo kwa hofu ya posta, wala hakuwaza kimbunga.

Binti, waulize wa kwenu Muscat. Huenda za baba yako ziko huko zimelala.

#14 BintiSuna
Shangazi wote wawili wametangulia. Yupo binamu mmoja, nitamwandikia leo. Sikuwahi kuliwaza hili, ahsante sana.

#15 Otis_Eastlando
Niaje wasee. Mimi ni wa Nairobi. Mafuriko ya 2024, ile April, mto Mathare uliingia kwetu saa tisa usiku. Kaseti sikuwa nazo, nilikuwa na albamu ya picha za mamangu. Nilingoja zikauke vizuri ndio nizibandue. Kosa kubwa. Zilikuwa zimeshikana kama chapati za juzi, kila nikivuta, uso unabaki kwa picha ya jirani. Sasa niko na picha ya babangu akiwa na masikio ya shangazi.

Kuna njia ya kuziokoa zile sijabandua?

#16 MpigaPicha_Ilala
#15 pole ndugu. Usibandue tena ikiwa kavu. Kama ni picha zilizosafishwa kwa dawa studio, zile za filamu, zirudishe kwenye maji safi ya baridi, kwenye beseni, uziache zilegee zenyewe. Nyingine zitachukua saa nzima na zaidi. Usisugue, usiguse upande wa uso. Zikiachana, suuza, laza uso ukiwa juu kwenye kitambaa kisafi au wavu. Usilaze juu ya gazeti, wino unahamia. Picha zilizotolewa kwa printa ya wino ya nyumbani usizitie maji, zitakimbia zote.

Zikiwa nyingi na huna muda, zifunge kwenye mifuko ya plastiki zikiwa mbichi, uziweke kwenye friji la kugandisha. Siku mbili za joto zinatosha ukungu kuanza, barafu inakununulia muda. Baada ya tsunami ya Japani ya 2011, Fujifilm walianzisha mradi mzima wa kuosha picha za watu zilizookotwa kwenye matope, na kazi kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya beseni, maji na brashi laini.

#17 FundiRedio77
Naongezea hapo kwa herufi kubwa: KASETI NA MIKANDA YA VIDEO USIGANDISHE. Hiyo ya friji ni ya karatasi na picha tu.

#18 Otis_Eastlando
Nimeweka tatu kwa basin. Mbili zimeachana. Ya tatu naona rangi inatoka kidogo, niitoe?

#19 MpigaPicha_Ilala
Itoe haraka, ilaze, iache ilivyo. Kabla ya yote ipige picha kwa simu sasa hivi, hata ikiwa mbichi.

#20 ShombeWaMafia
Turudi kwenye swali la pili la mleta uzi. Darini usirudishe. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 upande wetu, kwa jirani yangu bati tatu ziliondoka na upepo. Kila alichokificha darini ndicho kilichonyeshewa cha kwanza. Kabati la sebuleni lilibaki kavu. Dari ni dawa ya mafuriko tu. Upepo, jua, panya na popo wote wapo upande wa pili.

#21 AfisaMikopo
Mbona mnateseka? Nunua kasiki la chuma lisiloshika moto, tia vyote humo, funga. Moto usifike, maji yasifike, mwizi asifike.

#22 NdondoChuo
#21 hapana mkuu, soma lebo. Makasiki mengi ya "haliungui" yametengenezwa kwa ajili ya karatasi. Kiwango chake ni kwamba ndani joto lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi, kwa sababu karatasi inavumilia hapo. Vya sumaku na diski vina kiwango chao, nyuzi 52. Ukiweka kaseti kwenye kasiki la karatasi, nyumba ikiungua utakuta hati ya kiwanja ni nzima na kaseti zimekuwa ubuyu. Halafu zile kuta zina ujazo unaotoa mvuke likipata moto, hivyo ndani panakuwa kama sufuria ya kupikia mvuke.

Na si kila lisiloungua ni lisiloingia maji. Hivyo ni vitu viwili.

#23 AfisaMikopo
Sawa profesa. Nilikuwa nasaidia.

#24 MzeeWaSanturi
Hata wakubwa wameungua. Juni 2008 ghala la Universal kule Hollywood liliwaka, na rekodi mama za wanamuziki wengi zikaenda na moshi. Hawa walikuwa na pesa, walinzi na mapampu.

#25 MtemaKuni_Kigogo
Mimi nashauri pipa la bluu la plastiki, lile lenye mfuniko wa kukaza kwa pete ya chuma. Ninalo tangu hayo ya 2011. Ila msicheke: mwaka mmoja nililiweka nusu, likawa jepesi. Maji yalipoingia likaelea, likagonga mlango, likatoka. Tulilikuta kwa mama ntilie wa daraja la pili, amelisimamisha anakalia. Kila kitu ndani kikavu.

Kwa hiyo ushauri: pipa ndiyo, lakini lifunge kwa kamba kwenye nondo ya dirisha.

#26 KibokoYaMende
Hii chai mkuu, ina tangawizi kabisa.

#27 MtemaKuni_Kigogo
Mama ntilie yupo hai, uje nikupeleke. Alinidai hela ya ulinzi.

#28 Kamba_Kavu
Pipa sawa, ila mtu asilifunge siku ya mvua. Hewa unayoifungia ndiyo itakayokaa na kaseti zako. Ukifunga na unyevu, umewajengea ukungu nyumba ya kupanga. Subiri Julai, upepo wa kusi, siku kavu, ndipo ufunge. Tia na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vile vya rangi vikigeuka, vikaushe kwenye kikaango moto mdogo sana, vinarudi kazini.

#29 AjuzaWaTanga
Sisi tulikuwa tunatia mkaa kwenye kitambaa, kabatini. Nguo hazikuota ukungu na kaseti pia. Mchele huo mnaosema vijana kwamba unakausha simu, ulaji tu wa mende.

#30 NdondoChuo
Bibi shikamoo. Mkaa wa kawaida unapunguza harufu zaidi kuliko unyevu, lakini sikubishii, kabati lako ni ushahidi.

#31 AjuzaWaTanga
Marahaba. Hubishi, lakini umebisha.

#32 Mhaya_wa_Kashai
Kila mtu anasema maji. Sisi Bukoba tuliletewa tetemeko, Septemba 10, 2016, Jumamosi mchana, kipimo 5.7. Rafu ya baba ilikuwa imesimama tu haijafungwa ukutani. Ilishuka na mikanda ya VHS zaidi ya thelathini, na tofali juu yake. Magamba yalipasuka, lakini utepe ndani mzima. Fundi alihamisha utepe kwenye magamba mengine, yale ya filamu za kukodisha zilizokuwa zinatupwa. Harusi ya kaka yangu sasa iko ndani ya gamba lenye picha ya komando ameshika bunduki.

Funga rafu ukutani kwa skrubu. Vizito chini.

#33 MzeeWaSanturi
Wamarekani walipima 5.9, wetu wakatoa 5.7. Zote utazikuta kwenye magazeti ya wakati ule. Na shemeji yako alishangaa komando?

#34 Mhaya_wa_Kashai
Kila akiitoa anauliza kama ndiyo yenyewe.

#35 WaGoma_Himbi
Jambo bandugu. Mimi ni wa Goma. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita mu nyumba ya baba. Maji unaweza kuosha, tope unaweza kuosha. Lava ikipita, kunabaki jiwe tu, hata mahali pa kabati hupajui tena. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei usiku, mlima uliwaka tena, na siku chache baadaye wakatuambia tutoke mu mji. Nilibeba vitu viwili: mtoto mgongoni na diski ndani ya soksi. Picha zote zilikuwa humo, na ndugu yangu wa Bukavu alikuwa na diski ya pili.

Hiyo pipa ni nzuri, lakini mlima hauulizi pipa. Kitu chako kiwe na pacha wake mu mji mwingine.

#36 MwanaMuscat
#35 umesema kama bibi yangu.

#37 TajiriWaBando
Jamani hii ni karne gani? Zipandishe mtandaoni zote, lala. Pipa, mkaa, soksi, ya nini?

#38 Kamba_Kavu
Hesabu kidogo #37. Kaseti ya dakika 60, ukiihamisha kwa ubora wa CD bila kuibana, ni kama MB 635. Mara 214, tunafika karibu GB 136. Kupakia hizo kwa bando la simu utauza redio. Ukizibana kwa MP3 ya kiwango cha juu zinashuka hadi GB 30 hivi, hapo mazungumzo yanawezekana. Ila nakala safi mtu abaki nayo kwenye diski.

Na muda je? Kaseti haina mkato, dakika 60 ni dakika 60. Ukifanya mbili kila usiku ni siku 107. Miezi mitatu na nusu.

#39 BintiSuna
Miezi mitatu na nusu na mashine ya kuazima? Mwenye redio ataniita polisi.

#40 FundiRedio77
Anza na zile arobaini za nyumbani. Taarabu za kununua, mtu mwingine anazo. Sauti ya baba yako hana mwingine. Waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta, programu ya Audacity haina malipo. Na usiamini kwamba kaseti ile ile itacheza mara nyingi, rekodi mara ya kwanza inapocheza.

#41 TajiriWaBando
Basi flashi. Flashi ya GB 256 inaingia mfukoni, tena soksi haihitaji.

#42 DiskiMbili
Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Hizo na zile diski mpya zisizozunguka zinashikilia data kwa chaji ndogo sana ya umeme, na ukiziacha bila kuchomekwa kwenye joto chaji inavuja. Kwa diski zisizozunguka za kawaida, kiwango wanachojipimia watengenezaji ni mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30, tena hapo ni kwa iliyokwisha kuchakaa kwa matumizi, mpya inakaa zaidi. Nyuzi 30 ni Dar ya kawaida, bado hatujapanda darini.

Jina langu mnaliona. Nilikuwa na moja. Ilipata mafuriko, nikaikausha kwenye mchele siku tano, nikaichomeka kwa furaha. Ilitoa mlio mmoja, tk, ikalala moja kwa moja. Fundi wa kuokoa data aliniambia ningemletea ikiwa mbichi bila kuiwasha, kulikuwa na nafasi. Tope lilikaukia kwenye sahani, sindano ikalima.

#43 AjuzaWaTanga
Nilisema mchele.

#44 MzeeWaSanturi
Mnajua 2011 hiyo hiyo maji yaliwafuata watengenezaji wenyewe? Thailand ilifurika, kiwanda cha Western Digital kikazama, bei za diski zikapaa dunia nzima. Yaani kifaa unachonunua kuokoa vitu vyako na mafuriko, kilipandishwa bei na mafuriko.

#45 Omogusii_Radi
Hakuna ametaja radi? Kisii kwetu radi ni jirani. Ilipiga mti nje, ikapita kwa waya, TV, redio na diski iliyokuwa imechomekwa vyote kwisha. Na nina uhakika kaseti zilizokuwa karibu zilifutika.

#46 FundiRedio77
Vilivyochomekwa nakubali. Chomoa mawingu yakianza kunguruma, na antena pia, watu wanasahau antena. Lakini kaseti iliyokaa kwenye rafu kufutwa na radi ya nje, hapana. Nguvu ya sumaku inapungua haraka mno kwa umbali. Spika kubwa iliyosimama ubavuni mwa kaseti miaka mitano ningeishuku kabla ya radi.

#47 Omogusii_Radi
Zilikuwa juu ya spika.

#48 KibokoYaMende
Haya, na hii nayo imefungwa.

#49 BintiSuna
Narudi na majibu, samahani nimechelewa.

Nimefuta hedi na rola kwa spiriti, pamba nne zimetoka nyeusi. Nimerudia zile 21. Saba zimefufuka, zinaimba vizuri kabisa. Kumi na nne bado.

Katika hizo 14 nimefungua tatu zenye skrubu. Ya kwanza kisufi kilikuwa kimeanguka kweli, nimetoa cha kaseti tupu nikakipachika, inaimba. Ya pili na ya tatu visufi vipo palepale, na sauti bado ya mtungini. Ya tatu kuna mtu anasikika kabla hajaanza kuimba, Mzee.

#50 FundiRedio77
Kisufi. Nilisema.

#51 Kamba_Kavu
Saba dhidi ya moja mkuu. Hedi inaongoza.

#52 MzeeWaSanturi
Na kivuli je? Mimi nina moja kwa tatu zilizofunguliwa.

#53 NdondoChuo
Zilizobaki 11 hamjazifungua. Msishangilie.

#54 Sauti_ya_Pwani
Nimewasoma wote tangu mwanzo na hakuna aliyeuliza swali dogo. Mzee alibakiza chini kaseti alizozipenda. Anayependa kaseti anainunua orijino. Zile za darini huenda nyingi zilikuwa za kurudufu, nakala ya nakala, kwenye kaseti za bei chee za kariakoo, na zilikuwa na sauti ya mtungini tangu 1988. Mnatafuta muuaji wa mtu aliyezaliwa mgonjwa.

Halafu kaseti inayochezwa kila wiki inajizungusha, haikai imejibana. Za chini zilikuwa na mazoezi.

#55 KibokoYaMende
Mkuu ulikuwa wapi siku zote hizi?

#56 BintiSuna
#54 sasa umenivuruga. Nimemuuliza mama. Anasema baba alikuwa akirudufu kwa jirani mwenye redio ya vyumba viwili, na jirani alikuwa na tabia ya kuongea wakati inarudufu. Kweli, kwenye kaseti moja kuna mtu anauliza kama chai imeiva.

Lakini za harusi na maulidi zilikuwa darini pia, na hizo ni za kwanza, si nakala. Katika 30 nilizojaribu za nyumbani zilikuwa sita. Zinaimba mbili.

#57 Sauti_ya_Pwani
Hizo alirekodi na kinasa sauti gani? Betri zikiwa dhaifu wakati wa kurekodi, ukizicheza kwenye redio yenye umeme mzuri mwendo unabadilika kabisa.

#58 FundiRedio77
Tumefika kwenye betri za mwaka 1990. Binti, nitumie zile nne za nyumbani kwa bodaboda, sitaki hela. Nitahamisha utepe kwenye magamba mapya tujue moja.

#59 BintiSuna
Ahsante sana kaka, kesho asubuhi. Kuhusu kuhifadhi: nimenunua pipa. Nimelifunga kwa kamba kwenye nondo.

#60 MtemaKuni_Kigogo
Mafundo mawili. Mimi nilifunga moja.

#61 BintiSuna
MwanaMuscat, binamu amejibu. Anasema kuna katoni ya kaseti za mama yake stoo, imeandikwa "Dar" kwa kalamu nyekundu. Hajaifungua. Ipo chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.

#62 MwanaMuscat
Mwambie aitoe sasa hivi. Yuko mtaa gani?

#63 BintiSuna
Al Khoud.

#64 MwanaMuscat
Nipo dakika kumi kutoka hapo. Mwambie asifungue wala asianike, nakuja na beseni.

#65 KibokoYaMende
Kama kuna mtu ana deki ya VHS inayofanya kazi Temeke au Mbagala nauliza kwa nia njema. Kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai, iliacha 2016 na mimi harusi yangu sijaiona tangu mke wangu aione peke yake.

#66 Mhaya_wa_Kashai
Ninayo, ila nauli ya kutoka Bukoba juu yako. Na komando haji nayo.